Hakuna Aliyelala na Mashine Yake

Tarehe kumi na sita Julai 1998, siku ya Alhamisi, nilimpoteza mume wangu. Jumatatu ya wiki hiyo alikuwa juu ya paa la shule moja karibu na Litein akifunga waya wa antena. Jumanne alirudi mapema akasema mifupa inamuuma. Jumatano hakunijua. Mwaka ule malaria ilikuwa imepanda mpaka kwetu kwenye baridi, na hospitalini watu walilala wawili wawili kitandani. Alhamisi kabla ya adhuhuri muuguzi alinishika mkono akanitoa nje. Nilidhani ananipeleka kuchukua dawa.

Sikulia. Watu waliona ni ajabu, na mimi pia. Nilikuwa kama mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemjua, amesimama tu akiuliza ni kwa nini.

Lazima nieleze kazi yake, maana yote yaliyofuata yalitoka huko.

Zamani alikuwa fundi katika kampuni moja ya chai. Alitengeneza simu za ofisini na redio za kuitana za magari ya kubeba majani ya chai. Kompyuta zilipokuja, kampuni ilimpeleka kusoma, akarudi akizijua. Tuliishi katika nyumba ya kampuni, upande wa wafanyakazi wa karakana. Jirani yetu alifiwa na mume wake tukiwa pale. Alipotoka kuzika alikuta godoro la mfanyakazi mpya limeegemezwa ukutani nje ya mlango wake. Hakuna aliyemtukana. Karani alimwambia pole, akamsaidia hata kubeba sufuria. Nyumba ilikuwa ya kazi, na mwenye kazi hakuwepo tena.

Kompyuta zilipoenea ofisini, watu wengi waliachishwa kazi. Mume wangu hakuachishwa. Waliahidi kumpandisha cheo. Siku moja alirudi akaniambia ameandika barua ya kuacha.

Nilimwambia, "Wewe hawajakufukuza. Unakimbia nini?"

"Wale wanafukuzwa ndio walinifundisha kazi," akasema. "Nitabaki pale na nani?"

Tulirudi kwa shamba dogo la mama mkwe, nje kidogo ya Litein. Mume wangu na wenzake wanne waliotoka kampuni wakakodi chumba cha mabati nyuma ya soko. Kulikuwa na mama mmoja wa Kimulot aliyekuwa mpiga chapa wa ofisi. Kulikuwa na fundi wa redio, Mkisii aliyekuwa na shamba lake ng'ambo ya Sotik. Wawili wengine walikuwa wa chumba cha betri, ndugu wa tumbo moja. Walitengeneza redio na televisheni, wakachaji betri za magari ambazo watu walitumia nyumbani, wakachapa mitihani ya shule na kadi za harambee. Kompyuta yenyewe ilikuwa ile ile iliyomwondoa mpiga chapa kazini. Kampuni ilipopata nyingine mpya iliuza zile kuukuu kwa mnada, naye akanunua moja kwa pesa alizopewa za kuondoka. Alipenda kusema, "Ilinifukuza, sasa mimi ndiye ninaiamsha asubuhi."

Hawakuwa na mkubwa. Mteja akiuliza bosi ni nani, kila mmoja alimwonyesha mwenzake, na ilikuwa mchezo wao kuona mteja atageuka mara ngapi. Jumamosi walikaa, wakatoa kodi na petroli, kilichobaki wakagawana sawa. Jambo likiwa gumu walikaa mpaka wote wakubaliane, kama kokwet, baraza la wazee, inavyokaa kijijini, na hakuna aliyempita mwingine kwa kura. Siku nyingine walikaa mpaka chai ikapoa na redio za watu zikabaki wazi mezani.

Mwezi wa kwanza wezi walivunja mlango. Waliiba kidogo tu, lakini waliwatisha. Ndipo mume wangu akatoa lile wazo. Kwetu sisi Wakipsigis, mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote kwenye boma moja. Mmoja anampeleka kwa rafiki upande huu, mwingine kwa rafiki upande ule. Rafiki anakunywa maziwa, lakini ng'ombe si wake, wala ndama atakayezaliwa. Tunaita kimanagan. Ugonjwa ukija, au vita, hauwezi kumaliza wote kwa siku moja. Alisema mashine nazo zifanyiwe hivyo. Isilale mashine yoyote dukani, na mtu asilaze yake mwenyewe. Kila mtu alaze ya mwenzake. Mtu akilaza yake, akabanwa na shida, ataiuza asubuhi kabla wenzake hawajaamka. Ikiwa kwa mwenzake lazima aseme kwanza.

Fundi wa redio alicheka mpaka akashika tumbo. "Kwa hivyo mnataka nikachunge ng'ombe ya umeme?"

Lakini alikubali. Na kwa mtu wa jamii yake, miaka michache tu baada ya vita vya mpakani kati yao na sisi, kuweka chombo cha kazi yake katika nyumba za Wakipsigis halikuwa jambo la kucheka.

Kompyuta ya mpiga chapa ililala kwetu. Kila jioni mume wangu aliileta kwa wilbaro, imewekewa kigodoro cha mtoto chini na karatasi ya nailoni juu. Watu walimuuliza njiani, "Mtoto ameshiba?" Asubuhi ilirudi kwa wilbaro. Nilijua kwamba ile si yetu. Yetu ilikuwa ipi, na ililala wapi, sikujua. Aliniambia pesa yake ya kampuni imeingia katika vitu vya kazi, nami nikaona inatosha.

Tulimzika Jumamosi. Mchungaji alipomaliza, alisimama mkubwa wake wa zamani wa kampuni, amekuja na gari na maua. Alimsifu. Halafu akasema, kwa huzuni ya kweli, kwamba angebaki kazini angetibiwa katika hospitali ya kampuni, na labda leo tusingekuwa hapa. Wale wenzake wanne walikuwa wameshika majembe. Mpiga chapa aliangalia chini.

Mpaka leo sijui kama alisema kweli. Inawezekana. Sijawahi kupata mtu wa kunijibu.

Kabla ya kuondoka aliniita pembeni. Akasema kuna nafasi ya kuchuma chai, na chumba, na kwamba nimjulishe kabla ya mwezi kuisha. Alikuwa mtu mzuri. Nilimwambia asante. Nilikuwa na watoto watatu na nilimaanisha.

Jumanne wazee wa kokwet walikuja kukaa nyumbani. Ni desturi, mtu akishazikwa, kuuliza nani ana kitu cha marehemu na marehemu alikuwa na kitu cha nani. Wenzake wa kazi walikuja pia wakakaa kwenye benchi karibu na ghala. Shemeji yangu, ndugu mkubwa wa mume wangu, alikuwa amekuja kutoka Chebunyo anakofuga. Hata kabla wazee hawajamaliza maombi, alisimama mlangoni akanyoosha kidole ndani, kwenye kompyuta iliyofunikwa kitambaa changu cha kufuma.

"Hii kitu ni ya ndugu yangu," akasema. "Iko kwa nyumba yake. Mimi nitaiuza, ninunulie watoto wake ng'ombe."

Mpiga chapa akainuka. "Hiyo ni yangu, mzee. Ililala hapa tu."

"Ililala? Kwani ni mgeni?" Watu wakacheka. "Karatasi iko wapi inasema ni yako?"

Hakukuwa na karatasi. Walikuwa wameweka kila kitu kwa mdomo, kama ng'ombe. Nilimwona mpiga chapa akigeuka kuniangalia, na wote wakageuka kuniangalia. Nilitaka kusema ni yake. Nilisema, lakini nadhani hakuna aliyesikia.

Aliyesikika ni mama mkwe. Alikuwa amekaa na wanawake wanaomenya viazi, na hakuacha kumenya.

"Wewe," akamwita mwanawe. "Ile ng'ombe nyekundu ya pembe moja, unakunywa maziwa yake kule Chebunyo, ni yako?"

"Hiyo ni ya watu ya Kimulot, mama. Si unajua?"

"Iko kwa boma ya nani?"

"Yangu."

"Nani aliandika karatasi?"

"Hakuna mtu aliandika. Kila mtu anajua."

"Haya," akasema mama mkwe, akachukua kiazi kingine.

Wanawake walicheka kwa sauti. Shemeji naye alicheka kidogo, maana alishikwa. Lakini hakuwa mjinga. Aliwageukia wale wanne kwenye benchi.

"Sawa. Kama ni kimanagan, ya ndugu yangu iko wapi? Aliwekesha nani? Ama yeye alikuwa wa kutunza ya watu tu, yake hana?"

Hilo swali lilinipiga hata mimi. Nilitaka jibu kuliko yeye. Wale wanne walitazamana. Fundi wa redio akavua kofia.

"Mtupe mpaka kesho," akasema. "Ziko mbali."

Wakaaga, wakaondoka. Mpiga chapa hakuchukua hata kompyuta yake.

Shemeji akawaangalia wakishuka njia. "Mmewaona hao? Wameenda. Hamtawaona tena."

Nami niliamini hivyo. Nasema ukweli. Nilijua hakuna shahidi, na mwenye kujua alikuwa chini ya udongo. Wangenyamaza tu, wangeendelea na kazi yao, na mimi nisingejua kamwe kuna kitu nimepoteza.

Kesho yake, jua likiwa limepanda, pikapu ya kubeba maziwa ilisimama barabarani. Fundi wa redio alikuwa nyuma, amekumbatia jenereta kama anayeshika fahali pembe. Baadaye kidogo wale ndugu wawili wakaja kwa miguu na mkokoteni, ndani yake drili ya umeme na jiwe la kunolea la mota. Mwisho akaja mpiga chapa kutoka Kimulot na mpwa wake wa kike, wamebeba katikati yao kitu kilichofungwa blanketi. Alifungua blanketi. Ilikuwa printa.

Niliketi chini kwenye nyasi.

Printa ile nilikuwa nimeiona dukani kila siku ya soko. Hakuna shule pale karibu ambayo haikuwa na karatasi iliyotoka kwake. Na jenereta, stima ikipotea Litein nzima, ndiyo iliyosikika. Nilidhani ni ya kikundi. Nilidhani ni ya mtu yeyote ila sisi.

"Hii yote?" nikauliza.

"Angalia vizuri, mama," fundi wa redio akasema. "Kama kuna kitu haipo, sema sasa tukiwa hapa."

"Nitajuaje kama haipo, na sikujua kama iko?"

Akainama kwenye jenereta akaonyesha kamba ya kuvutia, mpya, nyeupe. "Ile ya zamani ilikuwa imekatika. Hii ni ndama. Imezalia kwangu." Akafungua mfuniko wa tangi ili nione. Petroli ilikuwa imejaa mpaka shingoni.

Ni hiyo petroli iliyonimaliza. Nilianza kulia, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, na nililia vibaya, mbele ya watu, hata mama mkwe akaja kunifunika kichwa na leso yake.

Nilipotulia, shemeji alikuwa amechutama kando ya jenereta akiigusa gusa. Dharau ilikuwa imemwisha. "Hii peke yake inaleta ng'ombe wazuri," akaniambia polepole. "Tuuze, mama. Watoto wapate maziwa. Wewe uende kwa kampuni, uwe na mshahara. Hawa watu ni wazuri, lakini wazuri pia wanalala njaa." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiwaza watoto wa ndugu yake, na alichosema kilikuwa na maana.

Nikamuuliza mpiga chapa, "Nikiuza, nyinyi mtafanyaje kazi?"

"Hatutafanya," akasema. Hakunibembeleza. "Naweza kuandika, lakini watu watasomea wapi? Kwa kioo cha kompyuta?"

"Na nikiwaachia? Mtanilipa kila mwezi kwa kutumia?"

Hapo walitazamana tena, na nikaona wanaona haya. Fundi wa redio ndiye aliyejibu.

"Hapana, mama. Hatujui kukodisha. Kwetu mwenye mashine anakuja kazini."

"Nani?"

"Wewe."

Nilidhani ni mzaha wa kunichangamsha. Nilitazama nyuso zao moja moja na hakuna aliyecheka. Niliwaambia mimi ni wa darasa la saba, ninaogopa hata swichi, na katika maisha yangu sijawahi kugusa kitu chenye waya ila pasi ya kuazima.

"Utaanza na kuchaji betri," mmoja wa wale ndugu akasema. "Betri haiombi cheti."

"Na kugawana?"

"Sawa sawa. Na Jumamosi unakaa, unasema. Ukikataa kitu, hatufanyi."

Nilikuwa nimechuma chai nikiwa msichana. Nilikuwa nimepanga foleni ya mizani, nimeishi nyumba ya kampuni, nimeamkia watu wengi wakubwa. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba nikikataa kitu hakifanyiki. Sikuelewa hata ninachoambiwa. Niliwaomba waniache siku moja.

Mawingu yalikuwa yameshuka kutoka upande wa Mau, tukaingiza kila kitu ndani. Kwa mara ya kwanza vitu vya mume wangu vilikuwa pamoja chini ya paa lake, na nyumba ilinuka petroli. Watoto walizunguka jenereta kwa adabu kama walivyozunguka jeneza. Niliitazama printa kwa muda mrefu. Nilifikiri juu ya mshahara wa kampuni, ambao huja kila mwisho wa mwezi mvua inyeshe isinyeshe. Nilifikiri juu ya hospitali. Nilifikiri pia juu ya lile godoro ukutani.

Siwezi kusema niliona mbali, wala kwamba nilikuwa na ujasiri. Nilijua jambo moja tu, kwamba kulikuwa na watu wanne ambao wangeweza kunyamaza.

Walipokuja Alhamisi niliwaambia, mbele ya shemeji na mama mkwe, "Zirudi zilikokuwa."

Shemeji alishusha pumzi. Hakubishana. Alisema tu, "Kama watoto watalala njaa, utawaleta kwangu. Usingoje." Kisha akashika printa ili awasaidie kuifunga kwenye mkokoteni. Aliifunga kwa kamba kwa nguvu sana, mafundo ya kuburuzia mnyama.

"Mzee," mpiga chapa akamwambia, "hiyo si mbuzi." Akaifungua akaifunga upya.

Jumatatu nilikwenda kazini. Ndugu mmoja alinionyesha upande wa kutoa na upande wa kuingiza, nyekundu na nyeusi, na akasema nikikosea betri itachemka. Kabla ya mchana nilikuwa nimemwagikiwa tone la asidi kwenye sketi ya msiba, likatoboa shimo. Mteja mmoja aliingia na redio kwapani, akaniona nimesimama pale, akauliza fundi aliyekuwa mrefu yuko wapi. Hakuwa amesikia kwamba mume wangu amekufa. Nikamwambia mimi mwenyewe, nikapokea redio yake, nikampa fundi wa redio.

Jioni ulifika wakati wa kubeba. Kompyuta, iliyokuwa imelala kwetu siku zote, walisema sasa ilale kwa wale ndugu, kwa kuwa wao ni wawili wa kusukuma wilbaro na mimi ni peke yangu. Nikadhani kwa leo nitaondoka mikono mitupu. Fundi wa redio akatoa chini ya meza sanduku lake la mbao lenye mita ya kupimia umeme. Nilikuwa nimemwona mchana akimfokea ndugu mmoja kwa kuliweka karibu na chai. Bila mita hiyo hangeweza kutengeneza hata tochi.

Akanipa.

"Kwa nini mimi?" nikauliza. "Hata sijamaliza siku moja."

"Yangu lazima ilale kwa mtu," akasema, na akaanza kufagia.

Mvua ilinikuta kabla sijafika kwenye mchepuko wa kwetu, mvua ya mawe, ile inayochana majani ya chai. Nilivua sweta nikafunga sanduku, halafu nikavua na leso nikafunga juu ya sweta, nikalikumbatia kifuani nikatembea nimeinama. Nilifika nimelowa mpaka ndani. Mama mkwe aliniuliza kama nina akili. Nililiweka mezani, nikafungua leso, nikafungua sweta. Mbao zilikuwa kavu.

Binti yangu wa pili alikuja akasimama karibu na meza, mikono nyuma. Aliuliza kama anaweza kulifungua sanduku aone ndani. Nilimwambia anawe mikono kwanza. Akaenda kunawa.